Namna ya Kurekodi Albamu ya Jazi Jukwaani kwa Heshima ya Mwanamuziki Aliyekutangulia

Mwanamuziki wa jazi anayeamua kurekodi onyesho zima kwa heshima ya mtu aliyemfundisha kupiga, iwe ana kwa ana au kupitia santuri, hujitwika kazi mbili zinazovutana. Anatakiwa kumrudisha mtu asiyekuwapo kwenye masikio ya hadhira, na wakati huohuo anatakiwa kupiga muziki unaozaliwa usiku uleule mbele ya macho ya watu, kwa kuwa jazi isiyobuniwa papo kwa papo hubaki kuwa usomaji wa nota. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa bendi ndogo, ya watu watatu hadi sita, ambaye ana nyimbo kichwani na ukumbi anaoutazamia, lakini hajui aanzie wapi. Sitazipa hatua zote uzito sawa. Albamu za aina hii huharibikia zaidi mahali pawili, yaani kwenye uchaguzi wa nyimbo na kwenye maikrofoni ya besi, na huko ndiko nitakokaa kwa muda mrefu.

Andika deni lako kwanza

Kabla hujawaita wenzako mazoezini, andika kwa sentensi moja kile ulichokichukua kwa huyo unayetaka kumuenzi. Sentensi inayosema kwamba alikuwa gwiji haifai, kwa sababu haikuelekezi ufanye nini. Sentensi inayosema "kwake nilijifunza kuacha kimya kirefu baada ya nota mbili" inafaa, kwa sababu hapohapo inakuonyesha ni nyimbo zipi upige, kwa kasi gani, na mpiga ngoma wa aina gani hakufai. Ibandike karatasi hiyo kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi, maana kila ubishi utakaozuka baadaye, kuanzia orodha ya nyimbo hadi urefu wa makofi kwenye albamu, utaamuliwa kwa kurejea kwake.

Tazama McCoy Tyner alivyolishughulikia deni lake. Alikuwa mpiga piano katika kundi la John Coltrane, mpulizaji wa saksofoni, tangu mwaka 1960 hadi 1965, na Novemba 1961 walirekodi pamoja katika klabu ya Village Vanguard jijini New York. Tarehe 23 Septemba 1997, siku ambayo Coltrane angetimiza miaka 71, Tyner alirudi katika klabu hiyohiyo akiwa na George Mraz kwenye besi na Al Foster kwenye ngoma, akapiga nyimbo za kiongozi wake wa zamani, na albamu ikatoka mwaka 2001. Hakukosa wapulizaji wa saksofoni ambao wangekuja kwa mbio kama wangeitwa. Hakumwita hata mmoja. Nafasi ya saksofoni ilibaki wazi, na anayezijua rekodi za zamani huisikia nafasi hiyo kila piano inaposimama mahali ambapo Coltrane angeingia. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa busara kuliko wowote ninaoujua katika albamu za namna hii, nao ulifanywa kabla ya nota ya kwanza kupigwa.

Wengine walikuwa na deni la namna nyingine na wakalilipa kwa njia nyingine. Mpiga tarumbeta Miles Davis na Coltrane walizaliwa mwaka mmoja, 1926, na ilipotimia miaka 75 tangu kuzaliwa kwao, Herbie Hancock kwenye piano, Michael Brecker kwenye saksofoni na Roy Hargrove kwenye tarumbeta walizunguka na onyesho la kuwaenzi wote wawili, wakisaidiwa na John Patitucci kwenye besi na Brian Blade kwenye ngoma. Onyesho la tarehe 25 Oktoba 2001 katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, ndilo lililotolewa kuwa albamu mwaka uliofuata. Walichojifunza kwa wazee hao wawili ni kutorudia jambo, na kwa hiyo kuzipiga nyimbo zao kama zilivyopigwa zamani kungekuwa ni kuwasahau. Ukiwa na deni kama hilo, usimtafute mtu wa kuigiza sauti ya marehemu. Mtafute mtu atakayebishana naye.

Kuchagua nyimbo na kuzifungua

Anza na nyimbo kumi na tano, kisha punguza mpaka zibaki saba au nane. Kupunguza ndiko kunakoumiza. Ondoa kwanza wimbo ambao kila mtu anautarajia, halafu jiulize kama orodha imekufa bila wimbo huo. Ikiwa haijakufa, usiurudishe. Ondoa pia wimbo unaoupenda tu kwa sababu vidole vyako vimeuzoea. Katika zile zinazobaki, kila wimbo uwe na jibu la swali moja: sisi tunaufanyia nini ambacho rekodi ya kwanza haikuufanyia?

Njia ninayoipendekeza ni kutafuta nguzo inayoushikilia wimbo, kisha kuamua kama utaiacha au utaiondoa. Chukua "Naima", wimbo wa taratibu ambao Coltrane alimtungia mke wake wa kwanza na kuutoa katika albamu yake ya mwaka 1960. Nguzo yake ni besi, ambayo husimama kwenye nota moja na kuirudiarudia huku kordi za piano, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zikibadilika juu yake, kama mtu aliyesimama mtoni maji yakimpita. Sehemu ya kati inapofika, besi huhamia nota nyingine, nayo pia huing'ang'ania. Pale Toronto, Brecker aliupiga wimbo huo peke yake. Besi haikuwapo, piano haikuwapo, ngoma hazikuwapo. Saksofoni moja ilibeba melodia na kordi kwa pamoja, ikirukia chini kugusa nota za besi na kurudi juu kabla sikio halijazisahau. Nguzo iliondolewa na nyumba haikuanguka, na msikilizaji anayeufahamu wimbo huisikia besi ambayo hakuna aliyeipiga. Fanya jaribio kama hilo mazoezini kwa kila wimbo ulionao: piga bila piano, piga bila ngoma, piga melodia kwenye besi. Nyimbo nyingi zitakataa. Ile itakayokubali ndiyo yako.

Njia ya pili ni kuunganisha nyimbo zenye undugu wa damu. "So What" ya Miles Davis, iliyorekodiwa Machi 1959 Coltrane akiwamo, ina vipimo 32, yaani vipande vidogo vya mapigo manne manne: vipimo 16 kwenye ngazi moja ya sauti, vipimo 8 nusu hatua juu yake, na vipimo 8 vya kurudi mahali pa mwanzo. "Impressions" ya Coltrane imejengwa juu ya mifupa hiyohiyo, ila melodia ni nyingine. Hancock na wenzake walizipiga zote mbili kama wimbo mmoja, na kwa kufanya hivyo waliwaambia wasikilizaji, bila hotuba, kwamba mwanafunzi aliishi katika nyumba ya mwalimu wake na kubadilisha fanicha tu. Pitia kazi za mtu unayemuenzi na uulize yeye naye alikopa wapi. Mara nyingi utagundua wimbo mkongwe zaidi ulio chini ya wimbo wake, na kuupiga huo mkongwe kunaweza kuwa heshima kubwa kuliko kupiga wa kwake.

Njia ya tatu ni ya bendi yenye wapulizaji wengi. Mpiga piano Thelonious Monk alipojiandaa kupiga na bendi ya watu kumi katika ukumbi wa Town Hall, New York, Februari 1959, Hall Overton, aliyempangia muziki wa bendi hiyo, alichukua solo ya piano ambayo Monk aliibuni miaka kadhaa nyuma katika rekodi ya "Little Rootie Tootie", akaiandika nota kwa nota, na kuwagawia wapulizaji waipige kwa pamoja. Kitu kilichobuniwa mara moja na vidole vya mtu mmoja kikawa melodia ya kundi zima. Ukiweza kuifanya kazi hiyo kwa solo moja ya mtu unayemuenzi, ifanye, lakini iwe moja tu katika albamu nzima. Zikizidi, onyesho linageuka kuwa mtihani wa kukariri.

Wapo wanaopiga kazi moja ndefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama Branford Marsalis na kundi lake walivyofanya jijini Amsterdam mwaka 2003 walipopiga "A Love Supreme" ya Coltrane, kazi ya sehemu nne iliyorekodiwa Desemba 1964. Njia hiyo inaonekana rahisi kwa kuwa orodha ya nyimbo imeshaandikwa na mwingine, lakini inadai usome zaidi ya nota. Katika sehemu ya nne, "Psalm", saksofoni ya Coltrane inayasoma maneno ya sala aliyoiandika yeye mwenyewe na kuichapisha kwenye jalada, silabi kwa silabi. Mpulizaji asiyeijua sala hiyo atapiga nota sahihi zilizokatwa mahali pasipo pumzi. Basi, kabla ya kuigusa kazi ndefu ya mtu, tafuta kila alichoandika, alichosema na alichochapisha juu yake.

Mwishowe acha nafasi ya utunzi mpya mmoja au miwili. Katika albamu ile ya Toronto, Hargrove alileta "The Poet" na Brecker akaleta "D Trane", na nyimbo hizo zinakaa kando ya zile za wazee bila kuona haya. Mpiga besi Charles Mingus alikwenda mbali zaidi mwaka 1959 baada ya kifo cha mpulizaji wa saksofoni Lester Young: hakupiga wimbo hata mmoja wa Young, bali alitunga "Goodbye Pork Pie Hat", akimkumbuka kwa kofia aliyozoea kuivaa.

Ruhusa

Hili ni fupi, ila lisicheleweshwe. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza muda huo hadi miaka 70. Kwa hiyo watunzi wengi wakubwa wa jazi bado wana warithi wanaostahili mirabaha. Wasiliana na taasisi inayosimamia hakimiliki mahali utakapotolea albamu, uipe orodha ya nyimbo na idadi ya nakala, na ulipe kinachotakiwa kabla ya kuchapisha. Hakikisha unamtaja mtunzi halisi, kwa kuwa nyimbo zilizomjengea mtu jina si lazima ziwe zake: "Afro Blue", ambayo wengi huihusisha na Coltrane, ilitungwa na Mongo Santamaría. Ukibadilisha melodia kupita kiasi, omba idhini ya mwenye haki moja kwa moja badala ya kutegemea leseni ya kawaida. Na ikiwa unataka picha ya marehemu kwenye jalada, hiyo ni ruhusa nyingine, ya mpiga picha, na mara nyingi pia ya familia.

Mazoezi

Fanyeni mazoezi machache kuliko mnavyodhani mnahitaji. Kwa bendi inayofahamiana, vikao vinne au vitano vinatosha, na viwili vya kwanza vitumike kusikiliza. Sikilizeni wote kwa pamoja rekodi za asili, kila wimbo mara mbili, kisha zifungieni na msizirudie tena mpaka onyesho lipite. Mpiga ngoma anayesikiliza rekodi ya asili asubuhi ya onyesho atapiga usiku kama mgeni katika nyumba ya mtu, akiogopa kugusa vitu.

Katika vikao vinavyofuata, fanyieni kazi mianzo, miisho na makutano, yaani pale wimbo unapokabidhiwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Solo zenyewe msizifanyie mazoezi kwa urefu wake wote. Kubalianeni tu nani anaingia baada ya nani, na ishara gani itatolewa mtu akitaka kumaliza. Mnyanyuko wa bega ukielezwa vizuri unatosha.

Panga pia nani atashika nafasi ya nani. Tarehe 8 Julai 1991, huko Montreux, Uswisi, Miles Davis, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikataa kurudia muziki wake wa zamani, alikubali kupiga tena mipangilio ya rafiki yake Gil Evans aliyefariki mwaka 1988, Quincy Jones akiongoza bendi. Davis alikuwa mgonjwa, na kando yake waliwekwa Wallace Roney kwenye tarumbeta na Kenny Garrett kwenye saksofoni, tayari kubeba sehemu ambazo pumzi yake isingezifikia. Alifariki Septemba mwaka huohuo, na bila mpango ule wa kumtegemeza huenda albamu iliyotoka mwaka 1993 isingekuwapo. Bendi yako inaweza isiwe na mgonjwa, lakini mdomo wa mpiga tarumbeta huchoka, na ni vyema mtu mwingine ajue melodia zote.

Ukumbi na maikrofoni

Kwa jazi ya kurekodiwa, ukumbi mdogo wenye watu mia moja waliokaa karibu ni bora kuliko ukumbi wa watu elfu moja wenye viti vitupu. Ingia ukumbini mchana, piga makofi mara moja ukiwa katikati ya jukwaa, na usikilize. Mwangwi ukiendelea kwa zaidi ya sekunde moja hivi, ngoma zitakusumbua, kwa hiyo leta mapazia mazito au mazulia. Kisha tafuta vitu vinavyonguruma: friji ya baa, feni, taa. Kelele ambayo sikio huizoea kwa dakika tano, maikrofoni haiizoei kamwe. Niliwahi kuhudhuria onyesho ambalo wimbo wake wa taratibu kuliko wote, ule ambao kiongozi wa bendi alikuwa ameutunza kwa ajili ya mwalimu wake, uliharibiwa na mashine ya barafu iliyoanza kufanya kazi katikati ya solo ya piano. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuuliza swichi yake iko wapi.

Wapange wanamuziki karibukaribu, jinsi wanavyosimama mazoezini, hata kama fundi mitambo anapendelea kuwatawanya ili sauti ya chombo kimoja isivuje kwenye maikrofoni ya kingine. Uvujaji huo hauepukiki jukwaani, na ukidhibitiwa huwa ndio unaomfanya msikilizaji ahisi yumo ndani ya chumba kimoja na bendi. Cha kuepuka ni matoazi kuimwagikia maikrofoni ya piano. Geuza piano ili kifuniko chake kilichoinuliwa kiwe kama ukuta kati ya nyuzi na ngoma, na maikrofoni ziingizwe ndani, karibu na nyuzi.

Sasa besi. Besi kubwa ya kusimama ina sauti ya chini isiyo na nguvu nyingi, nayo imezungukwa na ngoma na piano zinazoimeza. Ndiyo maana ukumbini unaweza kuisikia vizuri, ukirudi nyumbani ukakuta kwenye rekodi imebaki mngurumo usio na nota. Kosa hili halijali ukubwa wa majina. Tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi uleule wa Massey Hall, walisimama pamoja Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Besi ya Mingus haikusikika vya kutosha kwenye kanda, naye akaingia studio kupiga upya sehemu zake juu ya rekodi kabla ya kuitoa kwenye kampuni yake ndogo ya Debut. Ili usilazimike kufanya hivyo, rekodi besi kwa njia mbili kwa wakati mmoja: maikrofoni moja iliyofungwa kwenye mwili wa chombo, karibu na tundu la sauti, ikiwa imezungushiwa sponji pale inaposhikizwa, na kinasa sauti kidogo (pickup) kinachochukua mtetemo wa chombo chenyewe, kilichobanwa kwenye kigogo kinachobeba nyuzi. Maikrofoni hukupa mbao na vidole. Kinasa sauti hukupa nota iliyo safi hata ngoma zikipaa. Kila moja iwe na mkondo wake, yaani njia yake ya pekee ya sauti, kwenye mashine ya kurekodi, na usizichanganye mpaka onyesho liishe. Wakati wa kujaribu vyombo, mwambie mpiga besi apige wimbo wa kasi kuliko yote pamoja na bendi nzima, si peke yake, kisha vaa visikilizi na uhesabu nota. Ukishindwa kuzihesabu, usiendelee na jambo lingine lolote.

Kuhusu mikondo kwa jumla, kila maikrofoni itoe nyaya mbili, moja kwenda kwenye spika za ukumbi na nyingine kwenda kwenye mashine ya kurekodi, ili fundi wa ukumbi akipandisha sauti kwa ajili ya watu asiharibu rekodi yako. Rekodi kwa biti 24, na viwango vya juu kabisa wakati wa majaribio viishie karibu desibeli 12 chini ya kikomo ambacho sauti ikikipita hupasuka, kwa sababu hakuna mwanamuziki anayepiga usiku kwa nguvu ileile aliyoipiga mchana. Weka maikrofoni mbili zinazoielekea hadhira, kushoto na kulia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo mita 10 kutoka jukwaani hupokea muziki ikiwa imechelewa kwa milisekunde 29 hivi. Pima umbali huo na uuandike, kwani utauhitaji utakapolinganisha mikondo. Na uwe na mashine ya pili ya kurekodi, hata ndogo ya mkononi.

Waonyeshe wapulizaji maikrofoni yao ni ipi. Katika tamasha la Newport tarehe 7 Julai 1956, mpulizaji wa saksofoni Paul Gonsalves alipiga solo ya raundi 27, yaani aliuzunguka wimbo mara 27, katika bendi ya Duke Ellington, ikawainua watu vitini, lakini alikuwa ameielekeza saksofoni yake kwenye maikrofoni ya redio ya Voice of America badala ya ile ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi albamu. Kipande cha utepe wa gundi wenye rangi kwenye kila stendi kinatosha kuzuia msiba huo.

Usiku wenyewe

Pigeni orodha yote mara mbili, ama usiku mmoja kwa awamu mbili ama siku mbili mfululizo. Mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili walipiga awamu tano katika siku moja pale Village Vanguard tarehe 25 Juni 1961, na albamu zilizotokana na siku hiyo bado zinasikilizwa. Wanamuziki wakijua kwamba kuna mara ya pili, mara ya kwanza hupigwa kwa ujasiri.

Usianze na wimbo maarufu. Anza na wimbo ambao bendi inaumudu ikiwa imefumba macho, ili fundi mitambo apate dakika kumi za kurekebisha alichokosea. Maneno ya jukwaani yawe machache. Kumtaja unayemuenzi mara moja, pengine kwa kueleza ulivyokutana na muziki wake, kunatosha. Hotuba kabla ya kila wimbo humchosha aliyeketi ukumbini, na anayesikiliza albamu mara ya kumi atairuka. Kila wimbo unapoisha, mnyamaze mpaka makofi yatulie yenyewe, kwa sababu mkikimbilia kuhesabu wimbo unaofuata, makofi na hesabu vitagongana na hakuna mkasi utakaovitenganisha.

Kuchagua na kuchanganya

Ziache rekodi kwa wiki mbili. Ukirudi, sikiliza usiku wote mara moja bila kusimamisha, ukiwa na ile karatasi yenye sentensi ya deni mkononi. Kati ya matoleo mawili ya wimbo mmoja, lile lenye kosa dogo na mazungumzo ya kweli kati ya wanamuziki lishinde lile lisilo na doa. Ikiwa solo moja imepita dakika nane na haisemi kitu kipya baada ya ya tano, chagua toleo lingine. Kukata solo katikati ni upasuaji unaoacha kovu, kwani mpiga ngoma alikuwa akijenga kitu chini yake.

Katika kuchanganya, weka kila chombo mahali kilipokuwa jukwaani, na maikrofoni za hadhira zisikike kidogo muda wote badala ya kufunguliwa wakati wa makofi tu. Usiongeze makofi ya kutengeneza. Albamu ya Ellington ya mwaka 1956 ilikuwa na sehemu kubwa iliyopigwa upya studio na kuwekewa sauti ya hadhira, na jambo hilo lilisemwa sana kwa miongo mingi. Ukitoa kwenye santuri, kumbuka kwamba upande mmoja hubeba vizuri dakika 20 hivi, jambo ambalo linaweza kukulazimisha ubadilishe mpangilio wa nyimbo.

Jalada na rekodi ghafi

Maelezo ya jalada yaseme tarehe, ukumbi, nani alipiga nini, nani alitunga nini, na rekodi ipi ya zamani ndiyo uliyoijibu katika kila wimbo. Hilo la mwisho husahaulika, ilhali ndilo linalompa msikilizaji njia ya kurudi kwa aliyekutangulia. Familia yake ikipatikana, wapelekee nakala kabla ya siku ya kutoa albamu.

Kisha hifadhi rekodi ghafi zote, zikiwamo zile ulizozikataa. Kanda ya redio yenye solo ya Gonsalves ilipatikana katika miaka ya 1990 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 1999 mafundi wakailinganisha na ile ya Columbia, moja ikawa upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, ndipo saksofoni ile ikasikika ikiwa mbele ya bendi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 43. Weka nakala tatu katika mahali pawili tofauti. Ndani ya kila nakala tia faili moja la maandishi lenye tarehe, majina ya wanamuziki wote, orodha ya nyimbo kwa mpangilio uliopigwa, mchoro wa jukwaa, na namba ya mkondo wa kila maikrofoni, mikondo miwili ya besi ikitajwa kila mmoja kwa jina lake.